Mwenye Kofia na Aliyelowa

Wapendwa washarika, haya nitakayowaambia sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwepo. Nilikuwepo mwanzo, nilikuwepo katikati, na mwisho wake nilikaa benchi la kwanza, mbele hata ya mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na yeye mwenyewe alinipisha. Macho yangu ni mazima. Na masikio haya, ambayo akina mama wa kwaya wanayachungulia tangu nilipopanda hapa, ndiyo, yamesimama, nayajua, lakini hayajawahi kupitwa na neno. Nimesoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba mwalimu alinipitisha kwa kunionea huruma. Kwa kuona na kukumbuka, hata hivyo, nileteeni profesa tushindane.

Kule kwetu juu, kwenye baridi ya viazi na pareto, nilikuwa na jirani mmoja. Jirani huyu hakumjua baba yake. Baba alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na hakuacha picha hata moja. Siku zile ukitaka kupigwa picha uende mjini, na mjini ilikuwa siku mbili kwa miguu. Nani aende siku mbili kutazama sura yake mwenyewe?

Akiwa na miaka saba, jioni moja likaja gari la sinema. Wazee wangu mnayakumbuka magari yale? Naona vichwa vinatikisika. Likaonyesha kwenye ukuta wa shule filamu ya kijiji chetu wenyewe: jinsi watu walivyojitolea kuchimba mtaro na kuteremsha maji ya bomba kutoka mlimani. Dakika kumi na nne tu. Mama yake hakuwepo, alikuwa kijiji cha pili anamuuguza dada yake. Katikati ya filamu, mtu mmoja nyuma akamgusa bega, akamwambia baba yako yumo humo, mtazame. Hakumwonyesha kwa kidole. Alimwambia hivyo tu, akaendelea kutafuna hindi lake.

Mtoto akatazama. Ukutani kulikuwa na wanaume kama arobaini. Sasa niambieni, wewe una miaka saba, huna baba, na umepewa arobaini uchague mmoja. Ungemchagua nani?

Alimchagua mrefu. Mwenye kofia ya pama, suruali imepigwa pasi, kalamu mfukoni, ananyoosha mkono na wenzake wanachimba pale anapoonyesha. Hata mimi ningemchukua huyo. Palikuwa na mwingine, kifupi hivi, peku, ndiye aliyefungua bomba siku ya kwanza. Maji yakamrukia usoni, akalowa kuanzia utosini, akaanguka chali kwenye tope huku anacheka. Shule nzima ilimcheka. Jirani yangu alimcheka kuliko wote, mpaka kamasi.

Basi akakua na baba mwenye kofia. Kwenye harusi, kwenye misiba, kilabuni kabla hajaokoka, ilikuwa ni kofia, kofia, kofia. Mtu akimshinda kwa hoja anamwambia, wewe, baba yako alionekana kwenye filamu gani?

Alipofika umri wa kuoa, ghala la chama cha ushirika likawa linasafishwa. Akapita pale, akakuta wauza kabichi wanafungia matenga yao kwa utepe mweusi unaong'aa. Akauinua juani, akaona vitu vidogo vidogo ndani yake. Akaona kofia. Washarika, mtu yule alipigana. Mmoja dhidi ya wanne, na nusu ya kabichi ikaishia mtaroni, lakini alitoka na mkanda wote, na kopo lake la bati la mviringo. Hapo alifanya vizuri, na sitaki mtu amwondolee sifa hiyo. Kama si yeye, ile filamu ingeoza sokoni pamoja na majani ya kabichi.

Lakini mtu anaweza kuokoa kitu asubuhi na kukiua jioni.

Alilifunga lile kopo kwa mifuko ya plastiki mitatu. Akalizungushia selotepu. Akatia vidonge vya nondo, akaliweka ndani ya sanduku la bati, akapiga kufuli, akasukuma uvunguni. Msiniulize nilijuaje mambo ya uvunguni mwa kitanda cha mtu. Nimeshasema nilikuwepo. Walimu wakaja, wakaomba wawaonyeshe watoto. Akakataa. Wazee waliochimba ule mtaro wakaja kwa fimbo zao, wakasema tunataka kujiona tukiwa vijana kabla hatujafa. Akakataa. Wengine wao walikufa kweli. Alikuwa na neno lake moja tu: ikionwa na kila mtu, itabaki yangu kwa lipi?

Ikakaa hivyo miaka ishirini na tisa.

Sasa mama yake, mjane yule, akapatwa na presha ya macho. Daktari akasema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kina miezi. Mama hakulia. Alimwita mwanawe, akamwambia hana haja ya blanketi wala nyama. Anataka jambo moja, kumwona mumewe mara moja kabla giza halijafunga. Mkanda upo uvunguni, lakini mashine ya kuuonyesha iko wapi? Magari yale yalikwisha kuwa vyuma chakavu. Mtu ana hazina, ana funguo, na hana njia ya kumwonyesha mama yake aliyemzaa.

Ndipo akafika binti mmoja kutoka hifadhi ya filamu. Kazi yao ni kuzunguka na gari wakikusanya mikanda ya zamani. Wanaisafisha, wanaipiga picha upya kipande kwa kipande kwa mashine, wanaiingiza kwenye kompyuta, kisha wanaiweka mtandaoni mtu yeyote aitazame bure, hata kwa simu. Na mkanda wako unarudishiwa. Alikuwa amesikia habari za kofia, maana nani hakuwa amezisikia?

Jirani yangu akamjibu kwa ukali kwamba baba yake si wa kutazamwa na walevi kwenye simu. Binti hakubishana. Alisema, "Sawa, baba. Nifungulie tu niunuse."

Ombi gani hilo? Lakini akafungua. Kufuli, selotepu, plastiki moja, ya pili, ya tatu. Kopo lilipoachia, harufu kali ya siki ikatujaa puani mpaka machozi. Mkanda ulikuwa umejikunja kama ganda la muwa juani.

Binti akasema, "Unageuka siki, baba. Mikanda ya namna hii inataka kupumua, na wewe umeibana. Umebakiza msimu mmoja, haifiki miwili."

Akamtazama mama, aliyekuwa amekaa jikoni mlango ukiwa wazi, anapapasa meza akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Mnaona ilivyokuwa? Macho ya mama na filamu ya baba, vyote viwili vilikuwa vinakwisha kwa pamoja, na mtu mmoja amekalia kufuli katikati.

Alimpa. Hakumpa kwa moyo mkunjufu, tusidanganyane, alimpa kama mtu anayeng'olewa jino. Lakini alimpa.

Baada ya wiki saba simu ikalia. Filamu imepona, isipokuwa dakika moja ya mwisho iliyokwisha kuliwa, na sasa iko mtandaoni. Jirani yangu akanunua bando, akafungua. Washarika wapendwa, alichokikuta! Watu elfu na zaidi walikuwa wameshaitazama. Chini yake wameandika majina. Mmoja yuko Tabora, anasema yule mwenye jembe la mpini mrefu ni kaka yangu. Mwingine yuko Lindi, anasema nilimwona bibi yangu amebeba mtungi, nimeita watoto wote waje. Wale wazee waliokufa bila kujiona, wajukuu zao waliwaona, huko huko walikotawanyika. Kijiji chetu kidogo, ambacho hata basi hukisahau, kilikuwa kinatazamwa nchi nzima.

Kisha akasoma mstari mmoja. Familia moja ya Dodoma iliandika: Huyu mrefu mwenye kofia ni babu yetu, alikuwa mkaguzi wa maji.

Alimpigia binti simu papo hapo. "Nilikuambia. Wameniibia baba. Iondoe sasa hivi."

Binti akasema, "Nitaiondoa ukitaka, baba. Lakini kwanza muulize mtu aliyekuwepo siku filamu ilipopigwa."

Na aliyekuwepo siku ile ni nani? Alikuwa jikoni kwake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, binti akaja na projekta. Tukaziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, mama mchungaji akatoa shuka jeupe la kitanda chake. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ngoma za kwaya. Jirani yangu alivaa koti. Alikuja kumshinda mtu wa Dodoma hadharani, na shahidi wake amemshika mkono, amemkalisha karibu na shuka kabisa, hatua mbili.

Filamu ikaanza. Mtaro, majembe, nyimbo. Ikaja kofia. Jirani yangu akainama, akamuuliza mama yake kwa sauti ya kusikika ukumbini, "Mama, huyu mwenye kofia si ndiye?"

Mama akakaza macho yale yaliyobaki. Akasema, "Huyo? Huyo ni bwana mkaguzi. Alikuja siku mbili, akala jogoo wangu, akaondoka."

Mwanawe akamwambia, lakini mama, miaka yote nimesema kofia na wewe unanisikia.

"Nilikusikia, mwanangu. Nikadhani siku hiyo walimwazima."

Kabla mtu hajacheka, kwenye shuka bomba likafunguliwa. Maji yakaruka, na sauti ya mtu anayecheka ikatoka kwenye spika, ile ya kucheka mpaka pumzi inakatika na kuanza tena. Mama hakuitazama picha. Aligeuza kichwa kwanza, kama mtu aliyeitwa mlangoni kwake. Kisha akainuka, hakushikwa na mtu, akaenda mpaka kwenye shuka, akaweka kiganja juu ya yule mfupi aliyelala topeni. Na mama yule, ambaye tangu aolewe hakuwahi kulitaja jina la mumewe mbele za watu, alilitaja.

"Yotamu," alisema. "Umelowa tena."

Mnadhani kulitokea nini? Jirani yangu alisimama na koti lake. Miaka arobaini na kitu, kila alipoisimulia ile filamu, alikuwa akimcheka baba yake mwenyewe. Akamtazama. Mfupi, peku, masikio yamesimama kama mikono ya sufuria, na kicheko, washarika, kicheko kilikuwa chake yeye, kimetoka kwenye kifua kingine. Akaanza kulia. Kulia kukageuka kucheka. Na mama yake akageuka akasema, msikilizeni, wanacheka wawili. Hapo ukumbi ulilipuka. Ngoma zilipigwa na waliozikalia. Tuliirudia sehemu ile mara kumi na moja, na mama alitazama zote kumi na moja, na aliporudi nyumbani alisema sasa giza lije likitaka.

Na watu wa Dodoma waliandikiwa siku ile ile: kweli ni babu yenu, tunaomba radhi, lakini mnadaiwa jogoo.

Sasa tuje kwetu sisi. Alichoogopa ni nini mtu huyu? Aliogopa kwamba akiwagawia watu baba yake, watamchukua. Na kumbe alipokuwa amemfungia alikuwa hana baba, alikuwa na mkaguzi wa maji. Siku alipomtoa kwa watu wote, walevi na wacha Mungu, wa Lindi na wa Tabora, ndiyo siku aliyompata. Kufuli lile halikumlinda baba. Lililinda kosa.

Mimi na wewe tumefungia nini? Kuna mtu hapa Mungu alimtoa kaburini, na ushuhuda wake ameufunga plastiki tatu, anasema ni jambo la binafsi. Kuna anayejua nyimbo za wazee ambazo hakuna mwingine anazijua, na hamfundishi mtu. Funga tu. Siku ukifungua tutaisikia harufu.

Na tumemchagua nani? Tumejichagulia Mungu mwenye kofia, mrefu, msafi, anyooshe mkono wengine wachimbe. Tunamtangaza huyo kwenye harusi na misiba. Na Baba yetu yuko pale chini, peku, amelowa kwa ajili yetu kwa furaha ya kuona maji yamefika, na sisi tumesimama na kundi linalomcheka.

Basi nisikilizeni. Jumatano saa nne asubuhi, gari la yule binti litasimama hapa nje. Vuteni masanduku. Mikanda, kaseti, picha za ubatizo, harusi ya bibi, kila kilichoko uvunguni kije. Kitarudi mikononi mwako, na kitabaki kwa watu wote. Tusimruhusu mtu yeyote wa usharika huu afe bila kujiona akiwa kijana. Sisi kule juu tumeshinda, na ninyi mtashinda.

Nimalize kwa kukiri, maana niko madhabahuni. Katika yote niliyosema, jambo moja nililitunga, na mtanisamehe kwa kuwa ni dogo. Nilisema nilikuwa na jirani. Upande wetu ule hakuna nyumba nyingine, ni mimi tu na mama.

Sasa, akina mama wa kwaya, yatazameni masikio haya vizuri. Leo mnaruhusiwa.