Zeze Lililoomba Maji

Hii nimetumiwa, nami nakutumia. Isome taratibu, na unapoisoma mfikirie mtu mmoja wa nyumbani kwako.

Katika nchi moja kavu paliishi fundi wa mazeze aitwaye Chilongani. Alikuwa hodari, hilo hakuna aliyelibishia. Lakini uhodari haukumtosha. Alitaka kutengeneza zeze litakalolia kama mtu, na kwa ajili ya zeze hilo hakuhudhuria misiba, akasahau shamba, na watu walipomsalimia njiani aliitikia huku vidole vikipapasa nyuzi zisizokuwapo.

Mkewe, Sechelela, alimvumilia. Alimpelekea chakula na baadaye akakirudisha kimepoa. Wakati mwingine alisema kwamba angezaliwa zeze angependwa zaidi, wakacheka wote wawili. Chilongani hakujua kwamba mwenzake hakuwa anatania sana.

Mwaka mmoja wa ukame, Mtemi alitangaza kwamba anatafuta mpigaji zeze wa kukaa barazani kwake. Wakati huohuo Sechelela akashikwa na homa kali. Binti yao Nyemo, aliyekuwa ameolewa kijiji cha jirani, akarudi kumuuguza mama yake. Kisima kilikuwa mbali, safari ya kutwa. Kabla ya kuondoka kwenda kuteka, aliweka mtungi mdogo wa maji kando ya kitanda.

"Baba, haya ni ya mama," alisema. "Mnyweshe kidogokidogo mpaka nirudi."

Chilongani aliahidi, na alikuwa na nia ya kutimiza. Akaketi mlangoni na kazi yake ili awe karibu na mgonjwa. Ila ngozi ya kenge aliyotaka kuiwamba kwenye kibuyu cha zeze ilikuwa imekauka, na ngozi iliyokauka haiwambiki mpaka ilowekwe. Akaangalia huku na huku. Maji yote ya nyumba ile yalikuwa kwenye ule mtungi.

Alijiambia atachukua kidogo tu. Ngozi ikanywa, akaongeza. Ikanywa tena, akaongeza, mpaka mtungi ukawa mtupu. Ngozi ikalainika vizuri, naye akaanza kuiwamba. Fundi akishaanza kuivuta hawezi kuiachia, la sivyo italegea na kazi yote itaharibika. Ndipo Sechelela akaita.

"Baba Nyemo, naomba maji."

"Subiri kidogo, mama. Namalizia hapa."

Aliomba tena, kwa sauti ya chini zaidi, akaambiwa asubiri tena. Alipoomba mara ya mwisho hakujibiwa kabisa, maana mumewe alikuwa ameinamia uzi wa mwisho, anausikiliza. Chilongani alipoinua kichwa, nyumba ilikuwa kimya.

Watu walipokuja aliwaambia kwamba maji yaliisha. Walimwamini. Katika nchi ile mtu akiomba maji hupewa kwanza, ndipo aulizwe habari, hata kama ni adui. Nani angewaza kwamba mume angemnyima mkewe?

Matanga yalipoisha akalichukua zeze lake, akapitisha upinde mara moja. Kutoka ndani ya kibuyu ikatoka sauti anayoijua.

"Baba Nyemo, naomba maji."

Alilitupa chini. Kisha akaliokota. Akabadilisha nyuzi, akaivua ngozi na kuiwamba upya, na sauti ikabaki ileile. Angelivunja, yangekuwa mengine. Mimi na wewe tunasema tungelivunja. Yeye aliogopa, lakini sikio lake la fundi likamwambia kwamba hajawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Hapa ndipo ninapomkasirikia, na hapohapo ndipo ninapomhurumia.

Alipobaini kwamba majirani wanasikia wimbo tu, si maneno, moyo ukamtulia. Akalibeba zeze mpaka barazani kwa Mtemi.

Akapiga. Wazee walilia, na wanawake wakajifunika nyuso kwa khanga. Chilongani alipiga akiwa amefumba macho, na kwa kila mvuto wa upinde mkewe alimwomba maji. Alipomaliza, Mtemi mwenyewe alikuwa anajifuta machozi. Akamuuliza sauti ile aliitoa wapi.

Kabla hajajibu, Nyemo akainuka kutoka upande wa wanawake. Mkononi alikuwa na kata ya maji. Akavuka uwanja bila kumtazama mtu, akapiga magoti, akaiweka kata mbele ya zeze.

"Baba," alisema, "mama anaomba maji."

Chilongani akakauka. "Na wewe unamsikia?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakungoja wewe uinuke umpe."

Hapo akavunjika. Akasimulia yote mbele ya baraza, mtungi, ngozi, na lile neno lake la kusubiri. Hakuna aliyemkatiza, wala aliyempiga. Mtemi akainuka, akaondoka. Kisha Chilongani akaichukua ile kata kwa mikono miwili, kama mtu anayemnywesha mgonjwa, akaimimina polepole juu ya ngozi. Ngozi ikanywa yote. Ikalegea. Akapitisha upinde, ukatoka mkwaruzo wa nyuzi tu.

Watu walidhani atafarijika. Lakini Chilongani aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila asubuhi aliteka maji safi, akayaweka kando ya kile kitanda, akaketi kusubiri kuombwa. Alisema yuko tayari kuvumilia hofu yote ile irudi, ili asikie tena akiitwa Baba Nyemo, naye aitikie. Hakuitwa tena.

Funzo: Kazi unayoipenda itakusubiri, lakini anayekuita hatasubiri siku zote. Kama leo kuna mtu nyumbani amekuita ukamwambia "subiri kidogo", usianze kwa kuwatumia wengine ujumbe huu. Weka simu chini, uende.