Fisi na Miiba ya Kisima

— Nasema, mpo?
— Tupo!
— Na masikio?
— Tumekuja nayo!

Haya, yafungueni. Hapo zamani za kale, jua liliwaka mpaka mto ukabaki mchanga mtupu. Wanyama wakachimba kisima mle mchangani. Desturi yao ilikuwa hii: ukishakunywa, funika kisima kwa matawi ya miiba, upepo usije ukakifukia.

Sasa Fisi alipenda nyama choma, na kutafuta kuni hataki. Mvivu huyo! Akaja kisimani, akachukua tawi.

Mama Digidigi alikuwa hapo akimnyonyesha mwanawe, Mwende. Akamwambia, "Kaka Fisi, hiyo ni nguo ya kisima. Nyama si uianike tu? Jua lote hili!"

"Tawi moja tu, dada. Mbona una roho mbaya?"

Siku ya pili akaja tena. "Tawi moja tu, dada." Siku ya tatu, "Tawi moja tu, dada." Likawa ndilo la mwisho. Akala, akashiba, akalala fofofo.

Upepo ukavuma kutwa nzima. Kisima kikajaa mchanga, hata mahali pake pasijulikane.

Wanyama wakahama kutafuta maji. Mama Digidigi akabaki, maana Mwende hakuweza kusimama. Mtoto ananyonya, hakuna kitu. Ananyonya tena, hakuna kitu. Mama anamlamba usoni huku analia, "Usilale, mwanangu. Mama yupo."

Fisi akawakuta hapo, kiu imemkaba. Akamtazama yule mtoto. Jamani, alitamani ardhi ipasuke immeze!

"Dada, ni mimi niliyefanya haya."

"Najua ni wewe. Chimba."

Fisi akachimba, mchanga ukaporomoka. Akachimba tena, ukaporomoka. Mara ya tatu kucha zikatoka damu, na kule chini mchanga ukawa baridi. Maji yakachuruzika, kiasi cha kujaza kiganja tu.

Ulimi wa Fisi ulikuwa nje, mkavu. Mnadhani alikunywa? Wapi! Alirudi nyuma. "Kunywa wewe, dada, mtoto apate maziwa."

Mama akanywa. Wakangoja. Mwende akanyonya, akameza. Akameza tena, masikio yakasimama. Na Fisi, na ukubwa wake wote, akalia kwikwi.

Mnaona, wanangu? Kinachotunza maji ni cha wote. Ukikichoma ili ushibe peke yako, mtoto wa mwenzio ndiye anayelala na kiu.

Ngano yangu nimeitua hapa.
— Tumeipokea!
Haya, ibebeni.