Msafiri Aliyerudi Kusalimia

Aagaye kwa haraka hurudi kusalimia.

Mmecheka, wajukuu zangu, bibi yenu alipomtupia Rehani maneno hayo. Rehani amekwisha kuaga mtaa mzima kwamba anakwenda Uturuki kutembea, na viza hata hajaiomba. Sasa mnataka kujua maneno yenyewe yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa Kilosa, mlangoni kwa Bi Semeni, na aliyeyasababisha nilimjua. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na fundi baiskeli, Mzaramo, aliyeitwa Mwinshehe Pazi. Mikono yake ilikuwa ya grisi, lakini ulimi wake ulikuwa wa asali na pilipili. Ushairi hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe, akihesabu mizani kwa kugonga spoku za gurudumu, na akikosolewa hata silabi moja aliwaka kama kiberiti.

Siku alipomuoa Bi Tunu, kijana Pazi alimwahidi jambo kubwa. Alikuwa ameona kwenye kalenda picha ya Taj Mahal, lile kaburi jeupe ambalo mfalme wa Uhindi alimjengea mkewe. "Nitakupeleka ukalione," alisema. Miaka ikapita, watoto wakaja, mvi zikaja, kaburi likabaki kwenye kalenda. Hata watoto walipokua na kupata kazi, wakachanga wakasema, "Baba, mama, nendeni mkatembee. Ahadi ile itimie."

Furaha ikampanda Pazi kichwani. Siku hiyo hiyo alifunga karakana akaanza kuaga. Aliaga sokoni, akaaga msikitini, akaaga stesheni. Shehe Mbaruku akamsomea dua. Bi Semeni, jirani yake Mnyamwezi, alimchinjia jogoo. Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na jogoo wa mtani haliwi bure, lakini Pazi alimla mpaka shingo. Kisha akasimama katikati ya watu, kidole juu, akatoa shairi:

Naaga nakwenda zangu, nyuma sitageukia,
Nampeleka mwenzangu, mbali akashuhudia,
Msinililie wangu, furaha nawaachia,
Mguu ulo njiani, nani atauzuia?

Watu wakapiga vigelegele. Pazi akaongeza, kifua mbele, "Mfalme yule alimjengea mkewe alipokwisha kufa. Mimi wangu nampeleka angali hai. Nani zaidi?"

Bi Tunu hakuaga mtu. Yeye alikuwa akienda na kurudi hospitali kuchanjwa homa ya manjano, akapiga picha za viza, akachukua pasi mpya. Usiku mmoja alimuuliza mumewe, "Baba Hidaya, pasi yako umeitazama?"

"Pasi ninayo tangu ile safari ya Ngazija iliyovunjika. Haijawahi hata kufunguliwa. Mpya kuliko yako!"

"Na chanjo?"

"Mke wangu, mimi ni wa kuchomwa sindano kama ndama?"

Bi Tunu akaendelea kukunja nguo za safari. Alimjua mumewe: ukimsukuma anakuwa ukuta.

Basi wakapanda treni mpaka Dar es Salaam, wakafikia ofisi ya wakala aliyeandaa safari. Binti mmoja mpole, Eshe, akapokea karatasi zao. Za Bi Tunu alizitazama akazipanga pembeni. Ya Pazi aliifungua, akaifunga, akaifungua tena.

"Babu, pasi hii inakaribia kuisha."

"Kuisha si kwisha, binti yangu. Bado iko hai."

"Iko hai, lakini haitoshi. Wanataka ibakiwe na miezi sita au zaidi, na yako haifiki hata nusu yake. Viza hawatakupa. Halafu kadi ya chanjo siioni."

Pazi alihisi kiti kimezama. Akaivuta pasi akaitazama mwenyewe. Utamgombeza nani? Tarehe iliandikwa pale pale, chini ya picha yake mwenyewe akitabasamu.

Eshe akamwonea huruma. "Kundi hili la kwanza limekupita. Lakini lipo la pili mwezi ujao, na naweza kuwahamishia huko nyote wawili. Kachanjwe leo, maana chanjo nayo ina siku zake za kungojewa. Kisha niletee pasi mpya. Cheti cha kuzaliwa unacho?"

Pazi akashika kifua. Chini ya kanzu, kwenye uzi, ulining'inia ufunguo wa sanduku lake la bati. Cheti kilikuwa ndani ya sanduku. Sanduku lilikuwa Kilosa.

Walipotoka nje alisimama barabarani kama nguzo. "Sirudi," alisema.

"Hurudi wapi?"

"Kilosa. Nimeaga, Tunu! Nimeaga kwa shairi! Nimesema nyuma sitageukia. Leo nishuke stesheni nikiwa na mkoba wangu, watu wasemeje? Bora safari ife. Nenda wewe na kundi hili. Karatasi zako zimekamilika."

Bi Tunu akaweka mkoba wake chini. "Baba Hidaya, mimi sikuahidiwa kaburi. Nilidhani nimeahidiwa kwenda na wewe. Nikasimame mbele ya nyumba ya mapenzi peke yangu, nimwambie nini aliyelala humo? Kwamba wangu alikataa kuja kwa kuogopa kuchekwa na Semeni?"

Maneno hayo yalimwingia Pazi. Miaka yote alidhani anachoogopa ni kufa bila kuitimiza ahadi. Kumbe kicheko cha jirani kilitaka kumshinda. Akaenda akachanjwa kama ndama, wala hakulia. Kesho yake akamwacha Bi Tunu kwa ndugu Dar es Salaam, akapanda treni ya kurudi peke yake.

Aliposhuka Kilosa alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akapitia vichochoro vya nyuma. Alikuwa amebakiza nyumba moja tu afike kwake. Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Semeni, naye Bi Semeni alikuwa nje akipepeta mchele.

"Lo, mgeni!" aliita, ungo mikononi. "Karibu kutoka Uhindi! Mbona umerudi mapema? Kaburi umelikuta limefungwa?"

"Shikamoo, Bi Semeni," Pazi alinong'ona.

"Marahaba. Zawadi yangu iko wapi? Au nirudishie jogoo wangu, mtani. Anawika humo tumboni namsikia!"

Watu wakaanza kutoka majumbani. Pazi akaona hapana pa kujificha, akavua kofia. "Pasi ilikuwa imezeeka, na sikuitazama," alisema. "Nimefuata cheti cha kuzaliwa. Basi. Chekeni."

Bi Semeni akaweka ungo chini. Akanyoosha kidole juu, kama Pazi alivyofanya siku ile ya shairi, akasema taratibu:

"Aagaye kwa haraka, hurudi kusalimia."

Pazi alifungua kinywa ajibu, kisha vidole vyake vikaanza kugonga paja kwa mazoea. Nane. Nane. Na kina kile kile alichokiachia mwenyewe! Akatafuta kosa, hakuliona. Kicheko kikaanza kumtekenya, kikampasuka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mavumbi na mkoba wake, na watu wote wakacheka pamoja naye. Kumbe kuchekwa hakuui.

Shehe Mbaruku akamshika mkono kumwinua. "Dua yetu haikupotea, Mwinshehe. Ilikuwa inasubiri pasi."

Jioni hiyo alipita nyumba zote alizoaga, akisalimia moja baada ya nyingine, na kila mlango ulimkaribisha kwa methali ile ile.

Pasi mpya ikatoka, viza ikaja. Mara hii aliaga mwisho, siku moja tu kabla ya kuondoka. Bi Semeni alikataa mkono wake. "Kwanza nione!" Pazi akafungua mkoba mlangoni: pasi, viza, kadi ya manjano, tiketi ya kwenda na ya kurudi. Bi Semeni, ambaye hakujua kusoma, alizigeuza zote kwa makini kama mkaguzi wa serikali, ndipo akampa mkono.

Kwenye uwanja wa ndege, ofisa alipogonga muhuri na kusema, "Safari njema, mzee," Pazi alishusha pumzi ndefu hata watu wa mbele wakageuka. Na siku waliposimama mbele ya lile jengo jeupe, Bi Tunu alimgusa kiwiko akamwomba shairi. Pazi alitazama marumaru, akamtazama mkewe, vidole vikagonga paja. Lakini maneno hayakuja. Akamshika mkono tu.

Haya, Rehani, umekwenda wapi? Mwacheni, amekwenda kutafuta pasi yake aisome tarehe. Na asione haya: Pazi naye alirudi, akachekwa, akafika. Lakini nyinyi mliobaki mkumbuke: aagaye kwa haraka hurudi kusalimia.