Kitambaa cha Bi Mwantumu

Umtakaye mbio, mvue kitambaa. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mumewe hivyo, mkacheka, na sasa mnataka mjue mbio na kitambaa vilikutana wapi. Basi msiende kuwasumbua wahenga, hii si yao. Wahenga hawakuwa na kompyuta. Methali hii ilizaliwa Muheza, nyumbani kwa Bi Mwantumu, na nitawaeleza ilivyozaliwa ili msije mkaitumia ovyo.

Bi Mwantumu alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Mkubwa, Shekue, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mageti mengi ya pale mjini yalipita mikononi mwake. Mdogo, Zubeda, alikuwa fundi simu, kibanda chake kiko karibu na wauza machungwa. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao, na mama yao alikuwa ameshaanza kupumua. Asubuhi moja Shekue akataka kushuka kitandani, upande wa kulia ukakataa kumfuata. Kiharusi kilikuwa kimempitia usingizini.

Hospitali walimrudisha akiwa hai, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala. Mtaalamu wa viungo hakuwaficha. Aliwaambia mkono ule unaweza kurudi, ila ufanyishwe kazi kila siku, tena kuanzia sasa. Ukiachwa ukakakamaa, ndiyo basi tena. Akampa Shekue mpira mdogo wa kuminya. Shekue akauminya siku mbili tatu, kisha akauweka dirishani na hakuugusa tena. Mtu aliyekuwa akikunja nondo, leo akae aminye mpira wa kitoto? Ukimsemesha habari ya mpira, aligeukia ukutani.

Zubeda alimjua kaka yake. Huyo habembelezwi, hutegwa. Akakumbuka utoto wao, walivyokuwa wakitoroka madrasa kwenda kwa jirani kucheza gemu ya pikipiki kwenye televisheni. Shekue alikuwa hashikiki. Fimbo za Bi Mwantumu walizila wote wawili, na kesho yake walirudi kule kule. Mashine ile ilishakufa zamani, lakini Zubeda alikuwa na kikompyuta kimoja kibandani, bodi moja tu, ukubwa wake kama kadi ya benki. Akakiwekea programu ya kuigiza mashine za gemu za zamani, akaitafuta ile gemu ya pikipiki mpaka akaipata. Akanunua na kidude cha kuchezea chenye vitufe vikubwa. Kitufe cha mafuta kilikuwa upande wa kulia, na hilo ndilo alilolitaka.

Alasiri moja alipoiwasha sebuleni, Shekue aligeuka kutoka ukutani peke yake. Alikipokea kidude, akauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akakiweka kidole gumba juu ya kitufe. Kidole kikabonyeza. Bi Mwantumu aliona, akajishika kifua. Lakini pikipiki ilikwenda kwa kujikokota, inasimama, inaruka, sauti inakatikakatika. Kile kikompyuta kilikuwa kidogo kwa mzigo ule. Shekue akaitazama kwa muda, akakiweka kidude chini.

"Hata mashine nayo imepooza," akasema. Maneno yake siku hizo yalitoka mazito, lakini hayo yalisikika vizuri. Bi Mwantumu akaenda zake jikoni kulia.

Kwa wengine mambo yangeishia hapo. Zubeda yeye aliona kidole kimebonyeza, na hakuwa tayari kukiacha. Sasa nisikilizeni nyinyi mnaojua simu kuliko mimi: prosesa ya kikompyuta kama kile hutoka kiwandani imepangiwa mwendo, lakini mwenye ujuzi anaweza kuiamuru ikimbie kuliko ilivyopangiwa. Unabadilisha namba kwenye mipangilio, unaiongezea umeme kidogo, nayo inakimbia. Malipo yake ni joto. Kwa hiyo Zubeda akaibandikia kibati cha kupoza, akaifungia kifeni kidogo, na juu ya boksi lake akakata tundu pana hewa ya moto itokee. Akaiacha icheze kibandani tangu asubuhi mpaka anafunga. Pikipiki ilikwenda bila kujikwaa hata mara moja, akairudisha nyumbani anatembea haraka kama mtu aliyebeba maandazi ya moto.

Huku nyumbani naye Bi Mwantumu hakukaa bure. Mnawajua mama zetu wale. Kwake hakukuwa na kitu kilichokaa uchi: televisheni ilikuwa na kitambaa, redio ina chake, friji, chupa ya chai, hata migongo ya viti. Vyote alifuma kwa mkono wake. Na sasa amekiona kidole cha mwanawe kikibonyeza, mashine ile akaiona ni daktari aliyeingia nyumbani kwake. Akaifumia kitambaa cheupe chenye ukingo wa maua ya kijani, kizuri kuliko vyote alivyowahi kufuma. Ilipofika tu, akakitandika juu ya boksi. Televisheni ikiwashwa, kitambaa hupandishwa ili kioo kionekane. Kimashine hakina kioo, kwa hiyo kitambaa kikabaki pale pale.

Wakawasha. Pikipiki ikatoka mbio, Shekue akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na kidole kikafanya kazi. Haukupita muda, pikipiki ikaanza kujikokota vilevile. Zubeda alijua maana yake. Mashine za namna ile joto likizidi hujipunguzia mwendo zenyewe zisiungue. Akairudisha kibandani, huko ikacheza vizuri. Akaileta nyumbani, ikajikokota. Akabadilisha waya, akabadilisha chaja, akalaumu umeme wa mtaa. Akapunguza mwendo, gemu ikarudi kutambaa kama siku ya kwanza. Kila akiichukua alikuwa anakitoa kitambaa, anakikunja vizuri na kukiweka kando, na kila akiirudisha mama yake anakitandika, na Zubeda hakukiona. Amekulia katikati ya vitambaa, atakionaje?

Shekue akamwambia, "Acha, mdogo wangu. Usijihangaishe."

Neno hilo lilimuuma Zubeda kuliko angetukanwa. Aliona amempa kaka yake tumaini halafu amempokonya, na mkono ulikuwa umeshaanza kukakamaa vidole viwili vya mwisho. Akaomba wajaribu mara moja tu, na ikishindikana ataiondoa mashine asiirudishe.

Wakakaa kama kawaida yao. Bi Mwantumu alikuwa ubavuni mwa mwanawe, ameufunga mkono wa kulia kwa mtandio usipate baridi, vidole tu ndivyo vinachungulia. Huku anamlisha uji kwa kijiko, huku anamfuta jasho, huku ameshika kiwiko kisichoke. Pikipiki ikaanza vizuri, kisha ikaanza kukwama. Zubeda akainamisha kichwa. Shekue hakuitazama televisheni, aliitazama mashine yenyewe.

"Zubeda," akasema, "kule kibandani unaifunika?"

"Naifunika na nini?"

Shekue akaelekeza kidevu. Zubeda akageuka, na kwa mara ya kwanza akakiona kitambaa cheupe chenye maua ya kijani kimeziba tundu lote alilolikata mwenyewe. Akanyoosha mkono akitoe, kisha akamwona mama yake anamtazama, mkono ukasita.

"Mashine ya kuchomelea ukiiziba feni inazima katikati ya kazi," Shekue akasema polepole. "Mnaitaka mbio, mmeivisha kitambaa."

"Naikinga vumbi, baba," Bi Mwantumu akajitetea. "Nimeifumia mwenyewe. Nimeipenda kwa sababu yako."

"Najua, mama." Akautazama mkono wake uliofungwa mtandio. "Na mimi umenivisha. Unataka mkono huu uamke, na kijiko umeshika wewe. Kifungo cha shati unafunga wewe. Nikitaka kujikuna tu, umeshafika. Huu mkono utafanya nini, mama? Umeubakishia kazi gani?"

Hakusema kwa ukali. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja, lile lililobaki na nguvu ya kulia. Zubeda alitamani ardhi immeze, maana alimjua mama yake, na alijua hakuna neno lingemchoma zaidi. Bi Mwantumu alikaa na kijiko mkononi, uji unapoa. Kisha akainuka, akakitoa kitambaa juu ya mashine, akakikunja mara nne. Akarudi kwa mwanawe, akaufungua mtandio mkononi mwake. Bakuli la uji akaliweka upande wa kulia.

"Haya," akasema. "Ukimwaga, ufute mwenyewe."

Mashine ikapoa, ikashika mbio zake. Msidhani Shekue alishinda. Alishindwa na kushindwa, maana sasa wa kuchelewa alikuwa yeye, na jambo hilo lilimuudhi sana. Akakasirika, akataka tena. Siku baada ya siku Zubeda akirudi kutoka kibandani anamkuta amekamatana na kile kidude, anailaani pikipiki, kidole gumba kinakwenda, baadaye na cha pili. Uji aliumwaga kweli, tena sana, na mama yake akajifunza kukaa na mikono yake miwili ameikalia. Zubeda aliniambia kwamba katika watu wawili wale, hakujua nani alikuwa na mazoezi magumu zaidi.

Siku moja wakaja kutembelewa na jirani, Bi Hanuni, mwanamke mwenye huruma na mdomo. Akamkuta Shekue amekaa barazani anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kulia. Kimoja kimeingia, cha pili kinamtoroka, jasho linamtiririka mpaka shingoni, vidole vinatetemeka. Bi Mwantumu kaketi mbele yake anatazama tu.

"Jamani, we mama una moyo gani?" Bi Hanuni akasema. "Mtoto anateseka hivi nawe umekaa?" Akaweka kikapu chini, akaenda kumfungia.

Bi Mwantumu akamdaka mkono kabla hajafika, akamkalisha kando yake, na hakumwachia. Kifungo kikateleza tena. Mama wa watu macho yamemjaa, midomo inamcheza, lakini hakuinuka.

"Kaa hapa na mimi, mwenzangu," akamwambia. "Umtakaye mbio, mvue kitambaa."