Kwa Nini Nyuzi Huitwa Moja Moja

Kabla ya siku hii tunayoisimulia, vidole havikujua kutembea juu ya nyuzi. Mkono ulijua kugonga tu.

Kwenye miteremko ya mlima Masaba walikaa watu wa nyumba saba. Litungu lao, kile kinubi cha mti na ngozi anachokipakata mpigaji, lilikuwa na nyuzi saba za mishipa ya ng'ombe. Kila nyumba ilitoa uzi wake. Na kwa kuwa hakuna nyumba iliyokubali kutanguliwa na jirani, si mnawajua watu, kauli ilikatwa: nyuzi zote zigongwe kwa kijiti mara moja, pwaa! Asitangulie mtu, asifuate mtu. Wimbo mzima ulikuwa pwaa, kimya, pwaa, kimya, kama mtu anayepasua kuni, na watu walicheza hivyo hivyo, wakaita furaha.

Uzi haukuwa pambo. Nyumba yenye uzi ilikuwa na shamba kando ya mto. Nyumba isiyo na uzi haikuhesabiwa kuwa nyumba. Wenyewe walikuwa wapita njia waliochelewa kuondoka.

Nasambu alikuwa mjane wa nyumba ya tano. Mumewe, Kisiangani, alikufa kwa homa wakati wa kupalilia, akamwachia mabinti wawili na shamba la udongo mweusi ambalo kila aliyelipita alimeza mate. Mavuno yalipokaribia, Nasambu alimpelekea mpiga litungu chungu cha pombe ya busaa, kama ilivyokuwa desturi. Mpigaji alikuwa mzee Wepukhulu. Alimkuta akilipaka litungu samli. Nasambu akatua chungu, akatazama, akahesabu kwa macho. Sita. Penye uzi wa tano palibaki alama tu kwenye mti, kama kidole kilichovuliwa pete.

"Kuka," akasema, maana ndivyo kule wanavyomwita babu, "uzi wetu uko wapi?"

Mzee hakuinua uso. "Wakubwa walisema mwenye nyumba akifa bila mtoto wa kiume, uzi wake hufa naye."

"Walisema lini?"

"Alipozikwa tu, mayi, mama yangu. Nimekwisha kupiga mara nne bila uzi huo." Akachovya kidole kwenye samli. "Hata siku ya kuondoa matanga ya mumeo. Ulikaa mbele yangu hapa. Hukusikia."

Hilo ndilo lililomchoma. Si wizi, mwizi kazi yake kuiba. Ni kwamba siku ile alilia mbele ya litungu, akashukuru, akarudi nyumbani na moyo umepoa, na mle ndani ya ile pwaa mumewe hakuwamo.

Akaenda zizini walikokaa wazee. Ndiyo, hata zamani hizo kulikuwa na komiti. Mwenyekiti wao aliitwa Wafubwa, mtu aliyejua kusema "tutalitazama" kwa namna ya kukufungia mlango usoni. Wazee hao walipenda msemo wa penye wengi hapaharibiki neno. Thubutu! Penye wengi ndipo neno huharibika asijulikane aliyeliharibu.

"Mayi," akasema Wafubwa kwa upole wa mtu aliyeshiba, "tangu uzi utolewe, kuna aliyelalamika kwamba wimbo umeharibika?"

"Hakuna, lakini..."

"Hakuna. Sasa kitu kisichokosekana kilikuwa cha nini?" Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akainua mkono, maana alipenda kuonekana mwenye haki. "Sikiliza. Siku ya mavuno tutacheza wote. Akitokea mtu mmoja, mmoja tu, aseme amesikia pengo, uzi utarudi na shamba litabaki lako. Asipotokea, kesho yake tunaligawa."

"Mtu yeyote?"

"Hata mimi," akasema Wafubwa, na kicheko kikaanza upya.

Nasambu alirudi kwake kwa hasira. Hasira ni moto, lakini haijawahi kumlimia mtu shamba. Mbuzi walikuwa wanarejea malishoni. Walipokuja kwa mkupuo ilikuwa vumbi na kwato, huwezi kujua nani yupo. Akafungua kijilango chembamba, wakaingia mmoja mmoja, na hapo hapo akajua kwamba yule mwenye baka jeupe hakurudi. Hakuhitaji kuhesabu. Mwili wake ulimngoja, naye hakupita.

Akasimama na ufito mkononi. Kisha akaondoka mbio kwenda kwa Wepukhulu, na mbuzi akaachiwa mabinti wamtafute.

"Kuka, tupa kijiti. Ziite kwa vidole, moja moja."

"Wewe nawe! Nani atangulie? Unataka wachinjane?"

"Anza na uzi mnene, panda mpaka ulio mwembamba, kisha shuka. Aliyetangulia kupanda atakuwa wa mwisho kushuka. Atagombana na nani?"

Mzee akakuna kidevu. "Na penu, pa uzi wa tano?"

"Sema penu nyinyi, kuka. Wewe ndiye uliyeutoa." Akamwacha ameze hilo. "Peleka kidole vilevile. Ngoja kiasi kilekile, halafu endelea."

"Wataninyima mnofu."

"Hata sasa wanakupa mfupa."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa, hakuwa anacheka tena.

Siku ya mavuno jua lilikuwa utosini. Watu walijipanga wakisubiri pwaa, mguu wa kulia tayari. Wepukhulu akaketi, kijiti hakukionyesha. Kidole gumba kikagusa uzi mnene. Sauti moja, nzito, ikatoka peke yake. Watu wa nyumba ya kwanza wakatazamana. Hawakuwahi kujua kwamba wana sauti. Kabla haijafa, ya pili ikafika ikaketi kando yake, na ya tatu juu yao, na ya nne, kila moja ikiikuta iliyotangulia ingali mlangoni inaipokea. Lilikuwa jambo zuri mno kiasi kwamba bibi mmoja aliketi chini tu. Ni nyuzi zilezile za kila siku. Kumbe zote zilikuwa zinazungumza, ila zilikuwa zinazungumza kwa pamoja.

Miguu ikafuata. Uzi mmoja, hatua moja. Wafubwa, aliyekuwa mbele kama kawaida yake, alicheza kwa madaha, tumbo likitangulia. Kidole cha mzee kikafika pa tano, kikagusa hewa.

Miguu yote iliyokuwa juu ikakosa pa kukanyagia. Wachezaji wakayumba, wakashikana mabega. Wafubwa hakuwa na wa kumshika. Alianguka chali mbele ya nyumba zote saba.

"Nani kaiba hatua?" akafoka kabla ya kufikiri. "Hapa katikati pana kitu kimekosekana!"

Nasambu alisogea mpaka miguuni pake, akasema taratibu, kama binti kwa baba, "Asante, papa. Umesikia."

Wafubwa akajikung'uta vumbi; ahadi aliitoa mwenyewe. Wepukhulu akakunja mkono wa vazi lake. Uzi alioambiwa autupe alikuwa ameuzungusha kwenye kiwiko tangu siku ya mazishi. Nasambu aliufunga mwenyewe, akaukaza, na mzee akaanza upya toka uzi mnene. Ulipofika wa tano, mabinti wawili wa Kisiangani walipiga ukelele, maana ilikuwa kama kumsikia baba yao akiitikia kutoka shambani.

Na tangu siku hiyo mpiga litungu hagongi nyuzi zote mara moja, huziita moja moja, akipanda na kushuka. Mwenye gitaa hufanya hivyo dansini, mwenye kinanda hufanya hivyo kanisani, na wale wa miji ya mbali wanaopiga muziki wa kuandikwa hufanya hivyo, ingawa hakuna aliyewasimulia habari za Nasambu. Ndiyo sababu nawe, zinapoanza kupanda hivyo, kifua hukubana kidogo bila kujua kwa nini. Unangoja kusikia kama nyumba yenu imo.