Sindano Kabla ya Kuzaliwa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, ni ya juzi juzi tu, walikuwapo watu waliotunga lugha ya kuzungumza na kompyuta, wakaiita Mkeka. Msinikatize. Najua kompyuta haina masikio. Lakini ina utii, na anayetaka kuituma kazi lazima aiandikie kwa lugha inayoijua.

Mkeka ilikuwa na ghala lake. Humo mliwekwa zana zilizokwisha kutengenezwa: zana ya kujumlisha, zana ya kupanga majina, zana ya kusoma saa na tarehe. Anayeandika programu hakuwa na haja ya kuchonga mwiko kila anapotaka kupika. Alikwenda ghalani, akachukua, akaendelea na shughuli zake. Raha iliyoje! Ila zana ya ghalani ikiwa na kasoro, kasoro hiyo huingia kila nyumba bila kupiga hodi.

Sasa watu wa Mkeka walikuwa na desturi. Kila walipotoa toleo jipya la lugha yao, waliliandikia jina la mtu mmoja, yule aliyewaondolea kasoro kubwa kuliko zote. Mmoja tu. Waliwahi kuandika majina arobaini, na hakuna aliyeyasoma. Wakaapa: jina moja, mtunza ghala atachagua peke yake, na akishachagua hageuzi. Jina hilo lilitokea kwenye skrini kila asubuhi, popote kompyuta yenye programu ya Mkeka ilipowashwa.

Mtunza ghala alikuwa Mwantumu, mwanamke wa Tanga, mpole lakini mwenye haraka. Ghala alikabidhiwa na mwalimu wake, Mwalimu Mwinjaka wa Pangani, mmoja wa wale waliosuka Mkeka tangu ukili wa kwanza. Kazi ya Mwantumu ilikuwa kusoma ripoti za kasoro, kutenga za kweli na za uongo, na za uongo kuzifunga. Siku nyingine zilikuja sitini. Watu wengi hukosea wao, kisha wakaishitaki zana.

Siku moja ikaja ripoti hii:

"Ndugu wahusika. Kompyuta yetu inasema nilimchoma mtoto sindano saa ishirini kabla hajazaliwa. Mimi ni nesi, si mchawi. Chini ya skrini pameandikwa Mkeka, ndiyo maana nawaandikia ninyi. Tafadhali angalieni. Namba yangu ya simu ni hii hapa. Navoneiwa, wodi ya wazazi."

Mwantumu akacheka. Ndiyo, alicheka, na baadaye kicheko kile kilimuuma. Akaangalia haraka kumbukumbu iliyoambatanishwa na ripoti. Nesi ameandika Jumanne, saa nane za usiku. Zana imesoma Jumanne, saa nane za usiku. Kosa liko wapi? Akajibu kwa maneno aliyoyazoea: "Si kasoro. Mwandishi amekosea tarehe." Akaifunga, akashika nyingine.

Hakujua yaliyompata Navoneiwa.

Navoneiwa alifanya kazi katika kituo cha afya kwenye milima ya Upare. Jumanne saa nne za usiku alizaliwa mtoto dhaifu, anayehitaji sindano moja kwa siku, moja tu. Saa ya kuzaliwa kompyuta ilijiwekea yenyewe. Saa ya sindano nesi aliiandika kwa mkono wake: Jumanne, saa nane za usiku. Asubuhi, Navoneiwa alikuwa keshavua sare, yuko getini, akasikia mwenzake wa zamu ya mchana akisema, "Huyu mtoto dawa yake imepita muda, skrini imekuwa nyekundu, nampa sasa hivi." Navoneiwa alirudi mbio, kiatu kimoja kikabaki getini. "Usimchome! Nimemchoma usiku huu huu!"

Mwenzake akaiweka sindano chini, mtoto akapona. Lakini mganga mkuu alipofungua kumbukumbu akakuta sindano imetangulia, mtoto akafuata. Akasema, "Nesi, hii umeighushi. Hukumchoma ulipotakiwa, ukajaza tu baadaye." Wakamtoa wodini, wakampeleka kufua mashuka. Miaka kumi na tisa ya kupokea watoto wa watu, leo anafua mashuka, na walioponea mikononi mwake wanampita wakinong'ona. Nawaambieni, kufua si aibu. Aibu ni kuitwa mwongo na mashine, watu wakaiamini mashine.

Haya. Navoneiwa akaona, Mwantumu akafunga. Hadithi ingeishia hapo, lakini Songea alikuwako Kasiani Mbawala.

Kasiani alitengeneza simu kibandani, hana cheti hata kimoja. Alikuwa na uraibu wake: alipenda kusoma ripoti zilizofungwa, kama wengine wapendavyo kusikiliza matangazo ya vifo redioni. Akasoma ya Navoneiwa. Hakucheka. Akapiga ile simu.

"Shikamoo dada. Naitwa Kasiani, naomba nikuulize jambo la kijinga."

"Marahaba. Uliza mwanangu, siku hizi nimezoea."

"Ukisema Jumanne saa nane za usiku, ni usiku upi?"

"Si usiku wa Jumanne! Niliingia zamu Jumanne jioni. Jogoo hajawika, Jumatano itoke wapi?"

Kasiani akashukuru, akakaa na jambo lile. Programu ya kituo ilikuwa na mistari elfu nne. Alipata nakala yake, akaanza kuipunguza: anaondoa kipande, anajaribu, kosa bado lipo, anaondoa kingine, anajaribu, kosa bado lipo. Siku moja, siku mbili, siku tano. Simu za wateja zikalala bila kuguswa, wateja wakahamia kibanda cha jirani. Siku ya kumi na moja ikabaki mistari mitatu, na kosa bado lipo, limesimama wazi. Lilikuwa katika zana ya saa, ghalani kwenyewe. Akamwandikia Mwantumu: "Dada, naomba uifungue tena ripoti ya nesi. Hii hapa mistari mitatu. Kwa watu wa kule mlimani usiku ni mali ya mchana uliopita. Zana yetu inaufanya mali ya mchana unaokuja. Imemrudisha nesi nyuma siku nzima."

Mwantumu aliposoma akaifungua tena ripoti. Yeye ni mtu wa pwani. Kwao jua likizama Jumatatu, usiku unaoingia ni wa Jumanne; ndivyo alivyolelewa, ndivyo alivyolelewa mwalimu wake aliyeitengeneza zana. Hawakukosea hesabu. Hawakuwahi tu kufikiri kwamba kuna watu ambao usiku wao unaelekea upande mwingine.

Akampigia Navoneiwa.

"Dada, ripoti yako ilikuwa ya kweli."

"Najua ilikuwa ya kweli," Navoneiwa akasema. "Nani aliifunga?"

"Ni mimi. Nilicheka, nikaifunga. Nisamehe dada yangu."

Mwantumu alisikia maji yakichuruzika katika beseni.

"Mwanangu," Navoneiwa akasema mwishowe, "wewe ndiye mtu wa kwanza katika jambo hili kuniambia amekosea yeye. Nimekusamehe. Tengenezeni sasa, asije akachomwa mtoto yeyote mara mbili."

Mwantumu akataka kuigeuza zana mara moja, ifuate hesabu ya mlimani. Lakini asiyeuliza hanalo ajifunzalo, akampigia kwanza mwalimu wake.

Mwalimu Mwinjaka macho yalikuwa yanamwisha. Madaktari walikuwa wamemwambia kweli: kilichobaki ni mwanga kidogo, nao unaondoka. Akasikiliza yote, akasema, "Mwantumu, ukigeuza hivyo utawaponya wa mlimani na utawaumiza wa pwani. Misikiti mingapi inapanga ratiba zake kwa zana hiyo? Zana isiamue. Zana iulize: kwenu usiku ni wa mchana uliopita au wa mchana ujao? Chukua kalamu."

Asubuhi nne mfululizo alimsomea kwa simu, mstari kwa mstari, kutoka kichwani. Miaka ishirini na miwili tangu aiandike, na hakusahau nukta. Asubuhi ya tatu alisema, "Mstari wa arobaini na mbili, mwisho kabisa, kuna nafasi moja ya bure. Niliiacha siku niliyokuwa na homa." Mwantumu akaangalia. Ipo. Akaziba simu kwa kiganja ili mwalimu asimsikie akilia.

Wakajaribu kwa saa za pwani, ikakubali. Wakajaribu kwa saa za mlimani, ikakubali. Wakaijaribu ile Jumanne, na sindano ikaja baada ya mtoto, saa nne baadaye, kama Mungu alivyoshuhudia.

Toleo la kumi likawa tayari. Ikabaki nafasi ya jina. Watu wa Mkeka wote walikubaliana kwamba kasoro kubwa ya toleo hilo ni hii, wala hapakuwa na ya pili yake. Mwantumu akawapigia wote watatu, akawauliza kila mmoja aseme la moyoni, asione haya.

Navoneiwa akasema: "Mganga mkuu ameletewa ushahidi. Amenirudisha wodini, lakini kwa mlango wa nyuma. Hakusema neno mbele ya watu, na watu bado wanasema nilisamehewa tu. Kompyuta ile ile iliyoniita mwongo huwashwa kila asubuhi mbele ya foleni ya akina mama. Nataka kesho ilitamke jina langu. Na tena, bila mimi mngejuaje? Ninyi nyote mlikuwa mmelala, kasoro imelala nanyi kitanda kimoja. Mimi ndiye niliyeiona, na kuiona kumenigharimu."

Kasiani akasema: "Dada Mwantumu, mimi nitasema ukweli. Nalitaka. Nalitaka sana jina hilo. Kuna ofisi imenijibu kwamba haiajiri mtu asiye na cheti, ila jina kwenye toleo la Mkeka kwao ni zaidi ya cheti. Nesi aliona moshi. Moto hakujua uko wapi. Mwalimu alizima moto, lakini nilimwonyesha kwa kidole unapowaka. Na ripoti ile mlikwisha kuizika. Mimi ndiye niliyeifukua. Angepita mwingine? Ilikaa pale wiki tatu, hakupita mtu."

Mwalimu Mwinjaka alichelewa kusema. Alikohoa, akauliza hali ya hewa ya Tanga, akauliza habari za watoto. Kisha akasema: "Naona haya. Wengine watasema, aliyelitia kosa apewe tuzo kwa kulitoa? Lakini mwanangu, mimi sikukosea; niliandika usiku kama nilivyofundishwa na mama yangu. Na tiba ya kuwafaa wote, pwani na mlimani, ninyi hamkuwa nayo. Wewe mwenyewe ulikuwa karibu kuvunja upande wa pili. Nimelitumikia ghala hili miaka ishirini na miwili na jina langu halimo hata mara moja, kwa sababu nilipokuwa mtunzaji sikuweza kujichagua. Toleo la kumi na moja litakuja mwakani. Mwakani sitaweza kusoma. Ningependa kuliona, Mwantumu. Mara moja tu."

Mwantumu akakata simu, akakaa. Alimpenda Mwalimu kama baba, na kwa sababu alimpenda aliogopa kumchagua kwa upendo. Alimkosea Navoneiwa, na kwa sababu alimkosea aliogopa kumchagua kwa hatia. Kasiani hakumdai chochote, wala Mwantumu hakumpenda wala kumkosea, na pengine kwa sababu hiyo hiyo ilikuwa rahisi kumsahau, jambo ambalo pia aliliogopa. Alikula chakula nusu. Aliandika jina, akafuta. Akaandika la pili, akafuta. La tatu, akafuta.

Ninyi mnaonitazama, msiniambie wagawane. Desturi ni jina moja na mmeisikia. Wala usiniambie wewe hapo nyuma apewe mtoto. Mtoto alifanya nini zaidi ya kulia? Msiniambie pia kwamba Mwantumu ajiuzulu, mwingine achague, kwa maana huyo mwingine naye atakuja kuniuliza mimi, nami nitawauliza ninyi.

Navoneiwa aliona. Kasiani alitafuta. Mwinjaka alitengeneza. Mmoja anataka heshima yake mbele ya waliomnong'ona, mmoja anataka mlango wa kuingilia maishani, na mmoja anataka kusoma neno moja kabla ya giza. Kompyuta zitawashwa asubuhi, na nafasi ile haiwezi kubaki tupu.

Haya, semeni wenyewe, na kila asemaye atoe sababu: kati ya hawa watatu, je, nani alistahili?