Ndama wa Udongo

Palikuwa na mwalimu mmoja wa watoto wadogo aliyejaliwa mikono miwili stadi, akatumia miaka ishirini na saba kuifundisha kutulia. Jina lake Nakiete Mmbaga. Mama yake alikuwa mfinyanzi huko milimani Upare, na Nakiete mwenyewe, kabla hajashika chaki, alijua kuuinua ukuta wa chungu kwa vidole viwili. Shule aliyofundisha haina haja ya kutajwa. Shule za namna ile ni nyingi. Majina ya watu ndiyo yanayofaa kukumbukwa.

Mwaka mmoja chuo cha ualimu kilimletea binti wa kufanya mazoezi ya kufundisha katika darasa lake la awali, kwa muda wa wiki nane. Binti huyo aliitwa Penieli Msuya. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mwandiko mzuri, viatu vilivyong'arishwa, na daftari la maandalio ya masomo alilolijalidi kwa gazeti. Alitazamia kwamba mwalimu mlezi, kama chuo kinavyomwita mwenye darasa, atamshika mkono na kumvusha.

Nakiete alimpokea kwa upole. Alimwonyesha kabati, mikeka na vikombe vya uji, akamtajia watoto wote thelathini na mmoja, jina la mtoto na jina la mzazi, bila kutazama orodha. Kisha akachukua kigoda cha watoto, akakiweka nyuma ya darasa karibu na mlango, akaketi, akaiviringisha mikono yake ndani ya kitenge alichojifunga kiunoni.

"Darasa ni lako, mwanangu," akasema. "Mimi nipo."

Na kweli alikuwapo, wala hakufanya zaidi ya hapo. Penieli alipoanzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, watoto wakaishia njiani kwa kukosa pumzi, kigodani hakukutoka neno. Alipogawa uji akianzia katikati ya mstari, pande zote mbili zikalia kwa kuonewa, mikono ile ilibaki ndani ya kitenge. Penieli aliona uchungu. Siku nyingine alidhani mama huyu amechoka. Siku nyingine alidhani anamdharau.

Jambo moja tu Nakiete alilidai. Kila siku, watoto wakishaondoka, aliuliza swali lile lile: "Leo umemwona nani?"

"Wote walikuwa wazuri, Mwalimu," Penieli alijibu siku ya kwanza.

"Wote si jina la mtu."

Basi ikambidi atafute. Ilimchukua siku nne kupata jina moja, na hata hilo alilipata kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa ametapika.

Wiki ya nne mkufunzi wa chuo, Bwana Elieza Mrutu, alikuja kumtazama akifundisha. Alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki hutisha kuliko wakali. Chaki ilimkatikia Penieli mara tatu. Watoto wawili walipigania pembetatu ya boksi mpaka ikawa si pembetatu tena, naye akaruka hatua nzima ya somo bila kujua. Mkufunzi alimweleza waziwazi: atarudi wiki ya nane, mara moja tu, na kama hali itakuwa ile ile, Penieli ataurudia mwaka mzima. Maneno hayo aliyabeba kichwani kama mtu abebaye maji bila kata. Nyumbani kwao mama yake alikwisha kuanza kumwita Mwalimu mbele ya majirani, kabla ya wakati.

Kwa hiyo wiki ya nane aliipanga kama vita. Somo lilikuwa wanyama wa nyumbani. Nakiete alileta udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, kwa dada yake, umefunikwa kwa majani ya mgomba usikauke, na watoto wakafinyanga kila mmoja ng'ombe wa kwao. Siku hiyo darasa lilikuwa na kelele za mnada.

"Ng'ombe wako anafanana na mbwa!"

"Mbwa wenu ndiye anafanana na ng'ombe. Namjua, hata kubweka hawezi!"

Watoto walipokwenda nyumbani, Penieli aliwapanga ng'ombe wale juu ya ubao uliolazwa mezani, akarudi nyuma hatua mbili kuwatazama. Mmoja alikuwa na pembe moja. Mwingine amelala kama aliyekufa. Wa tatu alikuwa na kichwa kikubwa kuliko mwili, na wa Nietiwe Mgonja, mtoto wa maswali mengi kuliko wenzake wote, alikuwa na kibonge tumboni kama jipu. Kesho asubuhi mkufunzi angesimama mbele ya ubao huu.

Akachota maji katika kikombe. Mwanzoni alitaka kuimarisha mguu mmoja tu uliokuwa unaanguka. Mguu ule ulipendeza, ukaufanya wa pili uonekane mbaya. Akautengeneza wa pili. Akapachika pembe palipokosekana. Akamwinua aliyelala. Kile kibonge cha tumboni alikikwangua kwa kijiti, akalainisha mahali pake kwa kidole gumba, mabaki akayatupa ndooni. Saa tisa alasiri ubao ulikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja, wenye afya, wazuri, wanaofanana kama sahani za seti moja.

Alipoinua kichwa, Nakiete alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani.

Mama yule aliutazama ubao. Akamtazama Penieli na udongo uliomfika viwikoni. Mikono ikaingia ndani ya kitenge.

"Usisahau kufunga dirisha," akasema. "Mbuzi wa mzee Kazeni huingia."

Akaenda zake. Siku hiyo hakuuliza ni nani aliyeonwa.

Kesho yake saa mbili Bwana Elieza Mrutu aliketi pembeni na karatasi zake gotini. Aliwaona ng'ombe, akainua nyusi, akaandika kitu, na Penieli alijua kwa mwendo wa kalamu kwamba kitu hicho ni kizuri. Wimbo ulikwenda sawa. Watoto walikaa vizuri mkekani. Hatua ya kwanza ya somo ikapita, ya pili ikapita. Hatua ya tatu ilikuwa imeandikwa katika daftari kwa mwandiko wake mzuri, naye akaisema kama ilivyoandikwa:

"Haya, kila mmoja achukue ng'ombe wake."

Hakuna aliyechukua.

Watoto waliukaribia ubao, wakasimama. Togolai Mshana alimwinua ng'ombe mmoja, akamgeuza, akamrudisha, akamwinua mwingine, kama mzee mnadani asiyeridhika na mali. "Wetu hayupo hapa," akasema. Mwenzake akasema na wa kwao hayupo. Wawili walianza kununa kwa namna ile ambayo mwalimu yeyote anaijua, mdomo kwanza, machozi yakifuata. Lakini Nietiwe hakulia. Aliwachukua ng'ombe mmoja mmoja, akawatazama chini ya tumbo, mpaka wa mwisho. Kisha akamgeukia Penieli.

"Mwalimu, ndama wangu yuko wapi?"

"Ndama gani, mama?"

"Wa tumboni. Ng'ombe wetu ana mimba. Jana nilimtia ndama tumboni, nikamwambia akae. Nani amemtoa?"

Kalamu ya mkufunzi ilisimama.

Penieli alikumbuka kijiti. Alikumbuka kidole gumba chake kilivyopita juu ya mahali pale, na jinsi alivyofurahi kupaona laini. Maneno ya kumwokoa yalikuwa tayari mdomoni: udongo ukikauka hupasuka, vitu hudondoka, labda ni mbuzi wa mzee Kazeni. Mtoto angeamini. Mkufunzi angeendelea kuandika. Mwaka mzima ulikuwa umening'inia hapo. Akatazama nyuma ya darasa, kwenye kigoda, kama mtu anayezama atazamavyo ukingo.

Nakiete alikuwa anatazama sakafu. Mikono yake haikuonekana.

Basi Penieli akapiga magoti mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya mtoto.

"Nilimtoa mimi," akasema. "Sikujua kama yumo."

Nietiwe alifikiri. Watoto wa miaka mitano hawana haraka ya kusamehe, wala hawana haraka ya kuhukumu.

"Mrudishe," akasema.

"Siwezi. Wewe ndiye unayejua alivyokaa."

Penieli akasimama, akalifunga daftari likiwa kwenye hatua ya tatu, akaleta ndoo na udongo uliobaki chini ya majani ya mgomba. Aliwaambia watoto wote kwamba ng'ombe wao aliwaharibu yeye, wote, akidhani anawatengeneza, na kwamba anawaomba wawafinyange upya. Baadhi walimtazama kwa huruma. Togolai aliuliza kama Mwalimu naye atapewa adhabu, na Penieli akajibu kwamba hajui, labda.

Kisha akatembea kati yao. Mikono ilimwasha. Palikuwa na mguu unaoanguka, na shingo nyembamba isiyoweza kubeba kichwa. Akaipeleka mikono yake mgongoni, mmoja ukaushika mwenzake, akainama na kuuliza. Ndipo alipoambiwa kwamba ng'ombe wa kina Togolai ana pembe moja kwa sababu aliporomoka kwenye matuta ya shamba mwaka jana, ikavunjika, na baba akalia, lakini mtu asiseme. Yule aliyelala hulala kweli, kwa maana hukatiwa majani zizini na hana mahali pa kwenda. Na yule wa kichwa kikubwa? Mtoto alishangaa swali lenyewe. Kila asubuhi ng'ombe huchungulia kwenye ufa wa ukuta, karibu na mkeka anapolala mtoto. Kinachoonekana ni kichwa.

Nietiwe alimaliza wa mwisho. Alifinya kibonge kidogo, akakipuliza, akakibandika tumboni, akakifunika kwa udongo mwembamba kama mtu anayefunika mtoto kwa shuka. "Ulale," akamwambia.

Ubao ulipojaa tena ulikuwa mbaya kama ulivyokuwa jana yake, kabla ya kikombe cha maji. Kila mtoto alimwendea wake bila kukosea.

Nje, uji ulipokuwa unagawiwa, Bwana Elieza Mrutu alisimama na Nakiete kivulini mwa paa.

"Jana ulimwona akiwafinyanga upya?"

"Nilimwona."

"Mbona hukumkataza, mama? Ungemwepushia aibu hii."

"Mama yangu alituzaa mabinti watano, wote akatufundisha ufinyanzi," Nakiete akasema. "Nyumbani kwetu kulikuwa na amri moja. Chungu kibichi cha mwenzako hakiguswi. Ukimwona anakosea, keti karibu naye."

"Na kama kingevunjika?"

"Ningekuwa karibu."

Mkufunzi aliandika karatasi yake akiwa amesimama. Aliandika kwamba hatua za andalio hazikukamilika, kwamba zana za somo ziliandaliwa kwa namna isiyofaa, na kwamba mwalimu mwanafunzi aliona kosa lake, akalitubu na kulirekebisha mbele ya darasa. Chini yake akaandika alama ya kufaulu, si ya juu, akatia sahihi na tarehe. Akakunja karatasi, akaomba na yeye kikombe cha uji.

Alasiri ile, ya mwisho ya mazoezi, watoto walipoondoka, Nakiete alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida.

"Leo umemwona nani?"

Penieli akaanza. Alimtaja Nietiwe Mgonja na ndama. Alimtaja Togolai Mshana na pembe na machozi ya baba yake, kisha akajishika mdomo kwa kuwa aliambiwa asiseme. Alimtaja mtoto wa kichwa kikubwa na ufa wa ukuta. Alitaja majina kumi, ishirini, na la baba au mama pamoja nalo, na hakuwa amefika mwisho jua lilipoihama sakafu. Nakiete alisikiliza bila kumkatiza. Alipotaja la thelathini na moja, mama yule alicheka kidogo, kicheko ambacho Penieli hakuwa amekisikia kwa wiki zote nane.

Kisha Nakiete akainuka, na kwa mara ya kwanza mbele ya binti yule akaitoa mikono yote miwili ndani ya kitenge ili amuage. Penieli aliishika. Ilikuwa mikono ya joto, yenye nguvu, mikono ambayo ingeweza kumtengenezea ng'ombe thelathini na mmoja, na masomo yote ya wiki nane, bila kasoro. Alipotazama chini aliona kitenge. Pindo lake, mahali mikono ilipokuwa inajificha, lilikuwa limesokotwa na kuvutwa mpaka nyuzi zimetoka, limechanika vipande vipande, kama kitu ambacho mtu amekishikilia kwa nguvu zake zote, siku baada ya siku.

Basi ninyi mnaolea, wenye watoto na wenye wanafunzi, nijibuni: katika wiki zile nane, ni mikono ya nani iliyofanya kazi ngumu zaidi?